Kidonge cha njano si dawa ya usingizi

Februari 2025 jarida la Shirika la Mzio Duniani lilichapisha makala ya madaktari wa Marekani waliotaka difenihidramini, dawa ya mzio inayojulikana zaidi kwa jina la Benadryl, iondolewe madukani. Walisema dawa hiyo ya miaka ya 1940 ina madhara mengi kuliko dawa mpya zinazofanya kazi ile ile, na kwamba wakati wa kuiaga umefika. Habari hiyo ilipotufikia Uganda, imekatwakatwa vipande vya WhatsApp, watu waligawanyika pande mbili. Kuna waliosema dawa zote za mafua ni sumu, zitupwe. Na kuna waliosema hayo ni ya Wamarekani: sisi hatumezi Benadryl, tunameza Piriton, na Piriton tumeimeza tangu utotoni na tuko hai. Pande zote mbili zimekosea, lakini kosa la upande wa pili ndilo linaloniumiza zaidi, maana ndilo linalolala nasi kitandani kila usiku.

Msimamo wangu ni huu. Klorofeniramini, kile kidonge cha njano ambacho wengi tunakiita Piriton hata kikiwa kimetoka kiwanda kingine kabisa, ni ndugu wa difenihidramini. Ni dawa ya mzio. Usingizi unaoletwa nayo ni dosari ya dawa ambayo tumeigeuza kuwa tiba, na dosari hiyo hufifia ndani ya siku chache huku madhara mengine yakibaki palepale. Hata hivyo jibu si marufuku. Tukiiondoa dukani kesho, asiyepata usingizi hataanza kulala. Atahamia kwenye diazepamu, dawa ya kutuliza iliyo kali zaidi, na hapo atakuwa ameruka majivu akakanyaga moto. Jibu liko kwenye kaunta ya duka la dawa, katika swali moja ambalo leo haliulizwi.

Niliwahi kusimama kwenye duka moja la dawa pale Kibuli, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu alikuwepo mama wa makamo. "Musawo, nipe zile za njano za usingizi," alisema; musawo ni daktari kwa Kiluganda. "Za ngapi, hajati?" "Za mia tano." Binti wa dukani akafungua kopo kubwa la vidonge, akavimimina kwenye kisahani cha plastiki, akavihesabu kwa ncha ya kisu vikienda viwili viwili, akavitia kwenye bahasha ya kaki. Juu yake akaandika 1x1, na chini yake "usiku". Hakuandika siku ngapi. Hakuuliza ni nani anayevimeza, wala tangu lini. Simlaumu, nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Lakini neno la hajati sikulisahau: zile za usingizi. Kwa mnunuzi yule, kidonge kilikuwa kimeshapoteza jina lake na kazi yake, kikapewa kazi mpya.

Kazi hiyo mpya kimeipataje? Kwa maoni yangu tunapaswa kurudi kwenye klorokwini. Waliokuwa watu wazima Uganda kabla ya mwaka 2000 wanakumbuka jinsi dawa ile ya malaria ilivyowasha. Haukuwa upele wa kuonekana. Ulikuwa muwasho wa ndani, kwenye viganja na nyayo, unajikuna usiku kucha na huufikii. Muwasho huo uliwapata sana Waafrika weusi, na palipokuwa na klorokwini palikuwa na Piriton kando yake. Mgonjwa wa malaria alimeza vyote viwili, akalala fofofo, akaamka homa imeshuka. Watoto waliolelewa hivyo ndio wazazi wa leo. Serikali iliibadili sera ya malaria kwa hatua: mwaka 2000 klorokwini ikaongezewa Fansidar, kisha mwaka 2004 sera ikahamia kwenye dawa za mseto kama Coartem, zilizoanza kusambazwa kwa wingi mwaka 2006. Klorokwini ikaondoka. Kopo la njano likabaki kwenye rafu, na kumbukumbu ya ule usingizi ikabaki kwa watu.

Usingizi wenyewe una maelezo. Histamini tunaijua kama kemikali inayoleta chafya, mafua na muwasho, lakini ndani ya ubongo ina kazi nyingine: kuna kundi dogo la seli, sehemu ya chini ya ubongo, zinazoimwaga mchana kutwa ili tukae macho. Dawa za zamani za mzio, yaani klorofeniramini, difenihidramini na prometazini, hupenya hadi kwenye ubongo na kuziba mahali ambapo histamini ilipaswa kushika. Dawa mpya kama loratadini hupenya kidogo sana, ndiyo maana hazilazi. Kwa hiyo anayemeza Piriton apate usingizi haleti usingizi wa kawaida, anazima kengele ya kuamka. Na dawa hizi haziishii kwenye histamini. Zinaziba pia asetilikolini, kemikali nyingine ambayo mwili huihitaji kwa kumbukumbu, kwa mate ya mdomoni, kwa haja kubwa na kwa kukojoa. Kinywa kikavu cha asubuhi ni dalili ya kazi hiyo ya pili, ambayo hakuna aliyeiomba.

Kuhusu mazoea ya mwili kuna jambo ambalo natamani kila mnunuzi alijue. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwapa watu miligramu 50 za difenihidramini mara mbili kwa siku na kuwapima usingizi wao. Siku ya kwanza walisinzia sana. Ilipofika siku ya nne hawakuwa na tofauti na wakati waliopewa kidonge kisicho na dawa. Siku tatu tu, mwili ukawa umezoea. Basi mtu anayemeza dawa ya aina hii kila usiku tangu Ramadhani iliyopita, kinachomlaza ni nini? Huenda ni imani, huenda ni uchovu, huenda angelala hata bila kitu. Wapo watakaosema, kidonge kimoja hakinitoshi tena, sasa nameza viwili au vitatu. Huko si kupata dawa yenye nguvu zaidi. Usingizi haurudi kwa kiasi hicho, lakini ukavu, ukungu wa kichwa na mapigo ya moyo vinapanda pamoja na idadi ya vidonge.

Halafu kuna hesabu ya saa. Klorofeniramini hukaa mwilini muda mrefu: kwa mtu mzima huchukua takriban saa 20 hadi nusu yake iondoke. Aliyemeza kidonge saa nne usiku bado anabeba nusu yake saa kumi na mbili jioni ya kesho yake, wakati anafunga duka au anapakia abiria wa mwisho. Anapomeza cha pili usiku huo, anakipandisha juu ya mabaki ya cha kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, waliwapiga watu picha za ubongo saa 12 baada ya kumeza miligramu 50 za difenihidramini, wakakuta karibu nusu ya vipokezi vya histamini, yaani pale inaposhika, bado vimezibwa. Na difenihidramini hutoka mwilini haraka kuliko Piriton yetu.

Ndiyo maana nawaza sana kuhusu barabara. Dereva wa lori aliyelala saa chache mpakani Malaba akingoja foleni ya forodha, au kijana wa bodaboda anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi steji, anaweza kuapa kwamba yuko sawa. Mwaka 2000 watafiti wa Iowa waliwaweka watu 40 wenye mzio kwenye mashine inayoiga uendeshaji wa gari. Waliomeza difenihidramini waliendesha vibaya kuliko walipokuwa wamekunywa pombe ya kutosha kulewa. Lililo zito zaidi ni kwamba jinsi walivyojihisi haikuonyesha jinsi walivyoendesha: asiyehisi usingizi naye alikosea. Polisi wetu wana Kawunyemu, ile operesheni ya kuwapulizisha madereva kipimo cha pombe usiku. Kipimo kile ni cha pombe tu. Dereva aliyemeza vidonge viwili vya njano atapuliza, atakutwa safi, ataruhusiwa kwenda, na yeye mwenyewe ataamini kwamba ni safi.

Sasa niwape haki wanaoitetea dawa hii, kwa kuwa hoja zao si zote nyepesi. Ya kwanza ni umaskini. Ada katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, lakini foleni haikufutwa, na mtu akifika kituo cha afya akasema "silali" mara nyingi hataonekana mgonjwa mbele ya mtoto mwenye malaria kali. Duka la dawa liko hatua chache kutoka nyumbani, liko wazi usiku, na kwa sarafu ya mia tano hutoki mikono mitupu. Hoja hii naikubali yote. Ya pili ni ulinganisho: Piriton haimfungi mtu kama diazepamu, ambayo mwili ukiizoea kuiacha ghafla kunaweza kuleta hata degedege. Hii nayo ni kweli, na ndiyo inayonifanya nipinge marufuku. Ya tatu ni kwamba usiku mmoja mmoja, kwa kijana mzima ambaye muwasho au mafua ndiyo yanayomnyima usingizi, kidonge kimoja kinafaa. Kinafaa, kwa sababu hapo kinatibu kile kilichotengenezewa.

Hoja iliyo dhaifu ni ile inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: hii ni dawa ya mafua tu, hata watoto wanapewa, kwa hiyo haina madhara. Kwanza, watoto ndio wanaotuonya. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku prometazini kwa watoto walio chini ya miaka 2, baada ya baadhi yao kupungukiwa na pumzi hadi kufa. Mtoto mwingine hasinzii, hugeuka mtukutu, anaruka na kulia usiku kucha, na mzazi asiyejua humwongezea kijiko. Tunazisikia pia hadithi za yaya anayempa mtoto sharubati ya mafua mchana ili anyamaze, na za mzazi anayefanya vivyo hivyo kabla ya safari ndefu ya basi. Kumpa mtoto dawa ili atulie si kumtibu, na kwa mtoto mchanga wa miezi michache ni kucheza na pumzi yake.

Pili, neno "tu" linawasahau wazee. Shangazi yangu wa Bombo alianza kupotea ndani ya nyumba aliyoishi miaka arobaini. Alikuwa akitoka kwenda chooni usiku, tunamkuta amesimama jikoni akishika ukuta. Aliwaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa. Tulisema ni uzee, na wapo waliosema maneno mengine. Muuguzi mmoja aliyekuja kumwona alitaka aonyeshwe kila dawa iliyomo ndani. Chini ya mto tulikuta mkebe wa majani ya chai umejaa vidonge vya njano. Alikuwa akimeza viwili kila usiku, wakati mwingine vitatu, kwa zaidi ya mwaka. Aliviacha polepole kwa maelekezo ya muuguzi. Siku za mwanzo hakulala vizuri, akanung'unika sana. Baada ya majuma machache aliniita kwa jina langu akaniuliza kwa nini nimekonda.

Si kila mzee anayesahau atapona hivyo, na sitaki mtu aone kisa hiki kama ahadi. Lakini orodha inayotumiwa na madaktari wa wazee Marekani, ijulikanayo kama vigezo vya Beers, imezitaja dawa hizi kati ya zile za kuepukwa na watu wa miaka 65 na zaidi, kwa sababu huleta kuchanganyikiwa, kuanguka, kufunga choo na, kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba, kuzuia mkojo kabisa. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wazee 3,434 wa eneo la Seattle kwa wastani wa miaka 7. Waliotumia kwa wingi dawa zinazoziba asetilikolini walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu zaidi ya wasiozitumia. Kiwango cha juu kilichotajwa kililingana na miligramu 4 za klorofeniramini kila siku kwa zaidi ya miaka 3. Miligramu 4 ni kidonge kimoja cha Piriton. Wapinzani husema utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa, kwani huenda kukosa usingizi kulikuwa dalili ya mwanzo ya ugonjwa wenyewe. Wana haki ya kusema hivyo. Ila mimi sihitaji uthibitisho wa ugonjwa wa kudumu ili niseme mzee asimeze kitu kinachomwangusha njiani kwenda msalani usiku huu.

Turudi kwa serikali. Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na duka dogo la dawa limepewa leseni ya kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Ukiihamishia Piriton kwenye kundi la cheti, unaiondoa kwa mwenye upele wa mzio aliyeko mbali na daktari, ambaye anaihitaji kweli. Na kila mkaazi wa Kampala anajua kwamba dawa nyingi za cheti zinanunuliwa bila cheti. Marufuku ingekuwa ya karatasi kwa mwuzaji na ya kweli kwa maskini. Ninachotaka NDA ifanye ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: iwafundishe wauzaji kwamba "dawa ya usingizi" si dawa ya kuuzwa kimyakimya, na ihakikishe onyo linasomeka. Leo kopo lina onyo la Kiingereza kwa herufi ndogo, na mnunuzi halioni kamwe, maana anaondoka na bahasha ya kaki. Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Lugha tunayowafundisha watoto ingeweza kuandikwa pia kwenye bahasha ya dawa, pamoja na Kiluganda, Kiacholi na Kinyankole: usiendeshe, usichanganye na pombe kama waragi, mzee asitumie.

Na swali la kaunta ni hili: tangu lini, na kwa nini? Jibu linaweza kubadili kila kitu. Chukua mfano mmoja wa kwetu. Zaidi ya watu milioni 1 wanaishi na virusi vya UKIMWI Uganda, na tangu 2018 wengi wamehamishiwa kwenye dawa zenye dolutegraviri. Ni dawa nzuri sana, lakini huwanyima baadhi ya watu usingizi. Wengi wao walizoea kumeza dawa usiku, kwa sababu efavirenzi ya zamani ilishauriwa imezwe wakati wa kulala. Mtu wa namna hii anaweza kumeza Piriton mwaka mzima akipambana na kitu ambacho mhudumu wake angekitatua kwa kumwambia ahamishie kidonge chake asubuhi. Hakuna aliyemuuliza, na yeye haoneshi makopo yake ya dawa kwa mtu wa dukani. Swali lingempa angalau sababu ya kwenda kuuliza kliniki.

Wengine jibu lao litakuwa chai ya rangi ya jioni au chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu; kafeini huchukua takriban saa 5 hadi nusu yake itoke mwilini. Wengine wanakoroma, pumzi inakatika, wanaamka wamechoka, na kuwazidishia dawa ya kulaza ni hatari. Na wengi, naamini wengi kuliko tunavyotaka kukiri, hawalali kwa sababu ya deni, msiba, ndoa iliyovunjika au huzuni isiyo na jina. Kwa hao, hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na si Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, peke yake. Chama cha madaktari wa ndani wa Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu isiwe kidonge chochote, bali mafunzo ya kuupanga usingizi upya: kuamka saa ile ile kila siku hata ukilala vibaya, kutotumia kitanda kwa kuwaza wala kwa simu, na kutoka kitandani usingizi usipokuja badala ya kupigana nao. Mambo haya hayahitaji dawa kutoka ng'ambo. Mhudumu wa afya wa kijiji angeweza kuyafundisha chini ya mwembe, kama alivyofundishwa habari za chandarua.

Anayevimeza kila usiku asishtuke na kuvitupa vyote leo. Apunguze, ategemee siku chache za usingizi mbaya, na kama ni mzee au ana dawa nyingine, azungumze kwanza na mhudumu. Muuzaji naye, anapoandika 1x1 usiku, aongeze siku 3. Hajati wa Kibuli alisimama mbele ya kaunta muda wote wa kuhesabiwa vidonge vyake, viwili viwili, kimya. Muda ule ulitosha kabisa kumuuliza analala saa ngapi na ni nini kinachomwamsha.